Rosa Mistika na makungwi wa Mtwara

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha riwaya ya Rosa Mistika, ikapigwa marufuku shuleni. Ndani yake Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Hamfundishi lolote kuhusu mwili wake. Binti anaondoka nyumbani akiwa na woga tu, na woga huo haumlindi.

Kusini mwa Tanzania, kuanzia Msimbati karibu na mlango wa mto Ruvuma hadi uwanda wa juu wa Newala, ukimya wa namna hiyo ungeshangaza wengi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka huko na mashine ya kunasa sauti, akarekodi nyimbo na kuandika habari za unyago. Wali walifundwa na makungwi kwa ngoma na nyimbo: hedhi, tendo la ndoa, usafi, uzazi. Kwa Wamakonde mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa kuliko baba. Zakaria asingekuwa mfalme wa nyumba.

Wamisionari walihangaika na mila hizi. Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926, hakuzifuta. Aliunda jando la Kikristo kwa wavulana. Unyago ulimponyoka zaidi, kwani wanawake waliushika wenyewe.

Haifai kuupamba unyago, maana pia uliwasukuma wasichana wadogo kwenye ndoa. Lakini makungwi walizungumza. Kezilahabi aliadhibiwa kwa kuzungumza, kisha marufuku ikaondolewa na wanafunzi wakamsoma Rosa darasani.