Afya ya akili kazini

Afya ya akili kazini ni utulivu wa nafsi unaomwezesha mfanyakazi kuimudu kazi yake, kuelewana na wenzake na kuhimili shinikizo la kila siku bila kuumia. Utulivu huo ukivurugika, wa kwanza kuumia ni mfanyakazi mwenyewe na watu wa nyumbani kwake, kisha mwajiri. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kuwa sonona na wasiwasi hugharimu dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya karibu dola trilioni 1 za Marekani.

Hasara hiyo si ya wasiofika kazini tu. Mwenye sonona mara nyingi hufika, saa mbili asubuhi ameshatia saini. Lakini barua aliyozoea kuimaliza kwa nusu saa humchukua hadi adhuhuri: anarudia kusoma aya ileile, anakosea hesabu, simu ya mteja anaiacha iite. Daftari la mahudhurio halina kasoro, na bosi haoni kitu mpaka wateja waanze kulalamika.

Hapo mameneja wengi humlaumu mtu: mvivu, hana moyo wa kazi. Utafiti unaelekeza kwingine. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kuwa kinachochosha akili zaidi ni kazi nyingi kwa mtu asiye na kauli juu ya namna ya kuifanya. Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa 2022 unataka kazi yenyewe ipangwe upya na mameneja wafundishwe kutambua wafanyakazi walioelemewa. Semina ya siku moja kuhusu msongo wa mawazo haitoshi, ikiwa kesho yake mtu anarudi kwenye mzigo uleule.

Mfano mchungu wa kazi yenyewe kuumiza watu ni wa kampuni ya simu ya France Télécom, ambayo leo inaitwa Orange. Kuanzia 2006 ilitaka watu 22,000 waondoke, ilhali wengi walikuwa na hadhi ya watumishi wa umma na hawakuweza kufukuzwa kirahisi. Ikachagua kuwachosha ili waondoke wenyewe. Watu walihamishwa vituo mara kwa mara, na mafundi waliozoea kutengeneza laini wakapelekwa kupokea simu za wateja. Kesi ilipofika mahakamani, mahakama ilichunguza habari za wafanyakazi 39: 19 walijiua, 12 walijaribu kujiua, na 8 waliugua sonona au kushindwa kufanya kazi. Desemba 2019 kampuni ilitiwa hatiani pamoja na mkurugenzi wake wa zamani, Didier Lombard, kwa unyanyasaji uliotokana na sera ya kampuni yenyewe. Faini ya kampuni ilikuwa euro 75,000, kiasi kidogo mno kwa maisha yaliyopotea. Januari 2025 mahakama ya juu ya rufani ya Ufaransa ilithibitisha kuwa sera ya uongozi inaweza kuwa kosa la jinai, hata kama bosi hakuwahi kukutana na aliyeumizwa.