Barua za karatasi na ujumbe wa simu katika biro ya mchungaji

Makala hii inahusu kazi ya biro, ambayo wengi wetu hatuipendi. Katika shule ya theolojia tulifundishwa Kigiriki, historia ya Kanisa na namna ya kuhubiri. La kufanya na bahasha zinazorundikana juu ya meza tangu Jumapili, huku simu ikilia mfukoni, kila mmoja alijitafutia mwenyewe.

Tuanze na njia ambayo barua inafika. Huku kwetu mashariki posta haileti barua mlangoni. Kwa miaka mingi makanisa na mashirika ya Goma na Bukavu yalitumia masanduku ya posta ya ng'ambo ya mpaka, Gisenyi na Cyangugu, nchini Rwanda. Barua za kati yetu zinapita mikononi mwa watu: msafiri wa mashua kwenye Ziwa Kivu, kijana wa pikipiki, mama anayetoka sokoni. Kwa hiyo barua inampata mchungaji popote alipo, hata kwenye mazishi. Anaitia katika mfuko wa koti, na koti linabaki nyumbani. Siku hizi kuna pia WhatsApp, ambapo ombi la mjane linakaa katikati ya picha za maua za kutakiana asubuhi njema na matangazo ya kwaya tatu.

Dawa ya kwanza ni daftari moja la kuandikisha. Masekretari wengi wanalo tayari, ile kaye kubwa yenye mistari: nambari, tarehe ya kupokea, mtumaji, jambo linalohusika, nani amekabidhiwa, tarehe ya jibu. Kasoro tunayoiona mara nyingi ni kwamba daftari linaandika karatasi peke yake. Mtu aliyeomba kwa sauti ya WhatsApp hana nambari, hivyo hana tarehe ya jibu. Tunashauri kila ombi liingie katika daftari lile lile, hata kama limekuja kwa ujumbe mfupi au kwa barua pepe. Andika tu “WhatsApp” mahali pa njia ya kufika. Salamu na matangazo yasiingie. Mchungaji anayepewa barua njiani aandike tarehe juu ya bahasha papo hapo na kuiingiza ndani ya Biblia yake, wala asiitie mfukoni. Biblia itarudi biro.

Mleta barua kwetu ana desturi ya kutaka nakala yake itiwe tarehe, sahihi na muhuri. Tusiichukie desturi hiyo. Sahihi inasema kwamba tumepokea, haisemi kwamba tumekubali, na mara nyingi ni vizuri kumweleza mleta barua hivyo. Kuna pia ile orodha ndefu ya watu wanaopelekewa nakala ili wajue. Kama jina lako liko katika orodha hiyo tu, soma, andikisha, weka katika faili. Jibu ni la yule aliyeandikiwa. Tumeona wachungaji wakipoteza siku nzima kujibu barua isiyo yao, tena wakimvunjia heshima mwenzao aliyeandikiwa.

Kuhusu kugawa kazi, shauri la Yethro kwa Musa katika Kutoka 18 na uamuzi wa mitume katika Matendo 6 tunauhubiri kila mwaka wakati wa kuchagua wazee na mashemasi. Kwenye meza ya barua tunausahau. Barua ya fedha iende kwa mtunza hazina siku ile ile, pamoja na nambari yake. Mwaliko wa harusi au wa semina, sekretari anaweza kuujibu akiwa na kalenda ya mchungaji mbele yake. Kinachobaki kwa mchungaji mwenyewe ni huzuni, siri, ugomvi, na mambo ya mafundisho.

Tungependa kukaa kidogo kwenye aina moja ya ombi, kwa sababu vita vimeifanya kuwa ya kila wiki. Mkristo amekimbia kijiji chake. Kadi yake ya ubatizo imeungua pamoja na nyumba. Anatuma ujumbe kutoka mahali alipokimbilia: anaomba cheti, au barua ya kumtambulisha kwa kanisa jipya. Kwetu ni karatasi moja kati ya nyingi. Kwake inaweza kuwa ndoa inayosubiri, au kukaribishwa kwenye Meza ya Bwana kati ya watu wasiomfahamu. Paulo alimtambulisha Fibi kwa Warumi kabla hajataja jina lingine lolote katika sura ya 16. Maombi ya namna hii yapewe nafasi ya kwanza. Tafuta katika kitabu cha ubatizo. Kama kitabu chenyewe kimepotea, ita wazee wawili walioshuhudia, waandike na kutia sahihi. Kisha tuma picha ya barua kwa simu siku hiyo, na karatasi yenyewe ifuate pamoja na msafiri.

Kuhusu siri tunasema wazi: daftari la biro linasomwa na wengi, na siku moja linaweza kuanguka mikononi mwa mtu mwenye silaha. Mama aliyebakwa, au familia inayotishiwa, haiandikwi pale kwa jina. Andika nambari na “jambo la kichungaji”, basi. Barua yenyewe ifungiwe kwa ufunguo au, ikishajibiwa, ichomwe. Simu nayo ina hatari zake, kwani watoto wa nyumbani wanaichezea. WhatsApp ina njia ya kufunga mazungumzo ya mtu mmoja mmoja, na ya kufanya ujumbe ufutike wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Njia hiyo ya pili ni nzuri kwa siri na mbaya kwa maamuzi ya kamati, basi chunguza umeiweka wapi.

Mengine ya simu ni mepesi. Zima upakuaji wa picha na video unaofanyika wenyewe. Mega zitadumu na simu haitajaa. Ujumbe wa kujibu baadaye uwekee nyota. Kama mtandao umekatika, barua pepe iliyoandikwa katika programu ya Gmail itangoja na kuondoka mtandao ukirudi.

Jibu la kwanza liwe fupi na liwe la siku hiyo: “Nimepokea, nitakuambia Alhamisi.” Mtu akileta barua nyumbani, tunampa kiti, maji na neno la kurudi nalo. Aliyetuma kwa simu anastahili adabu hiyo hiyo, na malalamiko mengi dhidi ya wachungaji yanatokana na kunyamaza kuliko kukataa.

Barua ya hasira, ile yenye nakala kwa watu kumi, isijibiwe usiku. Hezekia alipopata barua ya matusi kutoka Ashuru aliipeleka hekaluni na kuitandaza mbele za Bwana, kama tunavyosoma katika 2 Wafalme 19. Iandikishe, iombee, isome pamoja na wazee wawili, na ujibu kwa karatasi. Katika kundi la WhatsApp, jibu linasambazwa hadi kwa watu wasiojua swali lilikuwa nini.

Inabaki siku ya kuhamishwa. Nambari ya simu na barua pepe za parokia ziwe za parokia, si za mchungaji, na neno la siri lijulikane na mzee mmoja aliyewekwa na kamati. Wakati wa kukabidhiana, vitu vinahesabiwa kwa uangalifu, viti na ngoma hata sahani. Daftari nalo lifunguliwe. Mistari isiyo na tarehe ya jibu isomwe mmoja mmoja mbele ya mchungaji anayeingia, naye atie sahihi chini ya mstari wa mwisho.