Simu ya Upepo katika Nyanda za Kati

Wazee wetu waliiita redio ya polisi simu ya upepo, nalo jina hilo laeleza tabia ya kitu chenyewe. Simu ya waya hupita palipo na nguzo. Simu ya upepo haina nguzo wala mlango, na maneno yake humfikia hata yule asiyekusudiwa.

Jambo hili lilijulikana mapema katika nchi hii. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita Dodoma pamoja na waya wake. Vita ilipozuka, Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, iliushambulia mji wa Dar es Salaam kwa ajili ya kituo hicho. Na mwezi Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwenda kukiangamiza kile cha Bukoba. Si ghala ya nafaka waliyoitafuta kwanza, bali mlingoti. Dodoma ilitwaliwa mwishoni mwa Julai 1916.

Polisi nao waliuchukua upepo huo. Mwaka 1928 polisi wa Detroit, Marekani, walianza kuyatumia magari yao ya doria habari kwa redio, na raia walizisikia majumbani mwao. Hapo ndipo ulipozaliwa uraibu wa kusikiliza, ambao mzee mmoja alinionjesha nilipokuwa nikisoma ng'ambo. Mimi ni mtu wa lugha, si wa mitambo. Nilipowasha chombo chake nilisikia mkoromo usiokoma, nikadhani kimeharibika. Mzee alicheka. Akanieleza kwamba zamani kila idara ilikuwa na masafa yake, lakini miji ilipokua masafa yakawa haba, basi yakakusanywa yatumiwe kwa zamu. Nilielewa nilipoikumbuka stesheni ya Dodoma: treni haina njia yake ya milele, bali msimamizi huiambia iingie njia iliyo tupu. Mkoromo ule ndio sauti ya msimamizi. Chombo kisichoifahamu lugha yake hudaka nusu ya sentensi hapa na nusu nyingine pale. Kile kiifahamucho huyafuata mazungumzo kila yahamiapo.

Hata hivyo, ufundi huo una mwisho wake. Mwaka 2022 polisi wa Chicago walianza kuyafumba mazungumzo yao, raia wakaachiwa kuyasikia baada ya nusu saa. Kwetu sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila idhini, na anayeanza hana budi kuujua mpaka huo kabla ya kununua chombo. Siilaumu sheria: mwizi naye ana masikio. Lakini maneno yaliyofumbwa hayamfikii jirani, wala hayaachi kumbukumbu kwa mwandishi wa historia ila yale machache yaliyoandikwa kitabuni na askari wa zamu.

Nasema hivyo kwa sababu ya jioni moja ya utoto wangu, mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kijiji kimoja cha reli magharibi ya Dodoma. Dirisha la kituo cha polisi lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na mama mmoja alikuwa akiuza karanga chini yake. Simu ya upepo ikataja lori lililopinduka katika mteremko wa Sekenke, ikasoma namba yake mara mbili, kisha ikasema dereva amefariki. Namba ile mama aliijua. Aliondoka akaliacha sinia lake palepale, nasi watoto tulilichukua tukamfuata bila kuonja hata punje.

Askari alipokwenda kesho yake asubuhi kumpasha habari, alikuta mikeka imekwisha tandikwa uani na wanawake wa mtaa wamekwisha changa unga. Alivua kofia, akaketi nao.