Mwendo na Kiasi katika Kompyuta

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Historia ya kichakataji, yaani kile kipande chembamba cha silikoni kifanyacho hesabu zote za kompyuta, ni ushahidi wa methali hiyo. Kwa miaka mingi mafundi walishindana kuongeza kasi, wakayahesabu matumizi ya umeme kuwa jambo dogo. Mwishowe ni umeme huo uliowawekea mpaka.

Hapo mwanzo neema ilikuwa upande wao. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walieleza kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, na volti yake ikapunguzwa kwa kadiri ile ile, joto la kila eneo la kipande halitazidi. Basi kila kizazi cha vichakataji kilikishinda kasi kilichotangulia. Lakini volti haikuweza kushuka daima, kwani transista ndogo mno huvujisha umeme hata zikiwa zimepumzika. Pentium 4 ya Intel ilitokea mwaka 2000 ikiwa na mapigo bilioni 1.5 kwa sekunde. Mwaka 2004 ilifika bilioni 3.8, nayo ikitumia zaidi ya wati 100. Mwaka huo huo kampuni iliuacha mpango wa kuuza ile ya bilioni 4, ikashika njia ya kuweka viini viwili au zaidi katika kichakataji kimoja.

Wakati mbio hizo zikiendelea, njia nyingine ilikwisha kufunguliwa Cambridge, Uingereza. Sophie Wilson na Steve Furber, wa kampuni ndogo ya Acorn, walitaka kichakataji chao kiwekwe katika kifuniko cha plastiki, kilicho rahisi kwa bei. Kwa hiyo hapana budi kisipate joto jingi. Aprili 1985 kielelezo cha kwanza kilipofika, kilifanya kazi. Furber alipoupima umeme wake, kipimo kilionyesha sifuri. Ikabainika kwamba waya wa umeme haukuungwa, na kichakataji kilikuwa kikiishi kwa umeme mchache upitao katika nyaya za ishara! Wazao wa kichakataji hicho, waitwao ARM, ndio waliomo leo katika simu nyingi za mkononi.

Je, kasi na uwekevu ni maadui? Mwaka 1994 Mark Weiser na wenzake wa Xerox walichunguza faida ya kuipunguzia kompyuta mwendo wakati kazi ni chache. Umeme unaotumika hufuata idadi ya mapigo na mraba wa volti. Mapigo yakipunguzwa nusu, na volti nusu, kazi huchukua muda maradufu, lakini hugharimu robo tu ya nishati ya awali. Hata hivyo, pale ambapo uvujaji ni mwingi, yafaa kumaliza kazi upesi na kulala. Kwa sababu hiyo mwaka 2011 ARM ilitangaza mpango wa kuweka pamoja viini vikubwa vya kazi nzito na vidogo vya kazi nyepesi.

Tangu hapo ubora wa kichakataji haupimwi kwa mapigo peke yake, bali kwa kazi ipatikanayo katika kila wati. Waliotafuta kasi tupu walizuiwa na joto. Waliolazimishwa na uchache kuwa wawekevu ndio walioieneza kompyuta hata ikaingia mfukoni.