Mwari wa Hospitali

Lugha yetu ina mkunga, na ina sista. Wote wawili husimama kando ya mwanamke mwenye uchungu, ila njia zilizowafikisha hapo ni mbali mbali. Mkunga wa jadi wa mwambao alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuzaa; haikuwa desturi kumwita kigori aje akate kitovu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na aliyeujua ndiye aliyeaminiwa kuushika. Sista, kinyume chake, alitakiwa awe hajui. Mwanafunzi wa uuguzi ambaye tumbo lake lilionesha kwamba amejua alifungishwa virago. Wengi wetu tumelichukulia sharti hilo kuwa limetokana na dini na mila zetu peke yake. Sivyo, limesafiri.

Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner alianzisha huko Kaiserswerth, Ujerumani, nyumba ya mashemasi wa kike waliofundishwa kuuguza. Waliishi pamoja bila ya waume, chini ya ulezi. Florence Nightingale alijifunza huko mwaka 1851, akiwa amekwisha kumkataa Richard Monckton Milnes, mposaji wake wa muda mrefu. Mwaka 1860 skuli iliyobeba jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London, kwa wanafunzi 15. Walitakiwa wawe na umri wa miaka 25 hadi 35, wawe na cheti cha tabia njema, na walale humo humo hospitalini. Metroni, Sarah Wardroper, aliweka daftari la mwenendo wa kila mmoja.

Tusiwahukumu haraka. Muuguzi wa Uingereza wa zama zile alikuwa na jina baya. Charles Dickens, katika riwaya yake ya Martin Chuzzlewit, alimchora Bi Gamp, mlevi anayeuguza wagonjwa na kuzalisha, na wasomaji wakacheka kwa kuwa walimtambua. Ili binti wa watu aruhusiwe na wazee wake kushika miili ya wanaume asiowajua, ilibidi kwanza kazi yenyewe isafishwe jina. Useja ndio uliotolewa kuwa dhamana. Skuli zilizofuata mfano huo, kote Uingereza ilikotia mguu, zilirithi mafunzo pamoja na dhamana hiyo.

Sisi wa pwani tuna neno linalomfaa mwanafunzi huyo: mwari. Naye amewekwa ndani, analindwa macho ya watu, ana somo wake anayemfunda, na siku ya kutoka huvishwa vazi jipya. Lakini mwari wetu huwekwa ndani ili atoke kuwa mke na mama. Mwari wa hospitali aliwekwa ndani ili asiwe. Alifundishwa mimba mwezi kwa mwezi, mlalo wa mtoto, kondo la nyuma, homa ya uzazi, kwa sharti kwamba elimu hiyo ihusu matumbo ya wengine tu.

Mfano ulio karibu nasi uko Mengo, Uganda. Mwaka 1921 Albert Cook, daktari wa misheni, na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, walianzisha skuli ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon. Skuli hiyo ilizaliwa kutokana na kampeni dhidi ya kaswende, na kampeni hiyo ilikuwa ya dawa na ya maadili kwa pamoja. Mabinti walifundishwa uzazi huku nafsi zao zikichungwa kama kwamba wao ndio ugonjwa. Katika Buganda, kama kwetu, kuzalisha ilikuwa kazi ya wanawake watu wazima. Sasa mwenye kuzaa akajikuta mbele ya msichana asiyezaa, mwenye kanzu nyeupe na cheti. Wasichana hao waliokoa roho nyingi, na hilo halina ubishi. Lakini hadhi ilihama: kuzaa, kulikokuwa shahada ya mkunga, kukawa doa la mwanafunzi.

Itasemwa kwamba wodi si pahali pa mja mzito. Kuna ukweli. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, aligundua kwamba vichanga wenye mtoto wa jicho walikuwa wa mama walioambukizwa rubela wakiwa wajawazito. Mwaka 1956 Alice Stewart wa Oxford alihusisha eksirei za wajawazito na saratani za watoto wao. Hatari hizo zinataka mwanafunzi ahamishwe wodi. Amri ya kumfukuza ilikuwa kongwe kuliko uchunguzi wote huo.

Aliyeipeleka amri ya namna hiyo mahakamani alikuwa muuguzi. Kapteni Susan Struck wa jeshi la anga la Marekani alishika mimba akiwa kazini Vietnam mwaka 1970. Akapewa njia mbili: aitoe au aondoke jeshini. Alikuwa Mkatoliki, hakutaka kuitoa; aliazimia kujifungua, mtoto apewe walezi, naye arudi kazini. Wakili wake, Ruth Bader Ginsburg, alihoji mbona askari anayekuwa baba haondolewi. Mahakama Kuu ilipokubali kuisikiliza kesi mwaka 1972, jeshi likaufuta uamuzi wake kabla ya hukumu. Mwaka 1975 kanuni za elimu za huko zikakataza skuli zinazopokea fedha za serikali kuu, za uuguzi zikiwamo, kumtoa mwanafunzi kwa ajili ya mimba; apewe likizo, kisha arudishwe pale alipokuwa.

Kwetu Zanzibar safari ilikwenda kinyume kabla ya kugeuka. Sheria ya mwaka 1985 ilimtishia mwanamke asiye na mume aliyeshika mimba kwa kifungo cha hadi miaka miwili. Maana yake, kwa msichana kama huyo aliyekuwa akisomea uuguzi, kupoteza nafasi ya masomo hakukuwa jambo kubwa kuliko yote ya kuogopwa. Sheria ya 2005 iliondoa kifungo hicho. Tanzania Bara, Rais Magufuli alitamka mwaka 2017 kwamba aliyepata mimba hatarudi skuli. Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako akatangaza kwamba atarudi.

Anayerudi skuli ya uuguzi, hata hivyo, hukuta mzigo wake mwenyewe. Mwanafunzi wa historia akijifungua huazima daftari la mwenziwe. Wa uuguzi hawezi kuazima zamu. Zamu alizozikosa inambidi azifanye, mtoto angali ananyonya; na saa sita za usiku, matiti yakimuuma kwa maziwa, yeye yuko wodini akimwonesha mzazi mwingine namna ya kumshika mwanawe. Wake yuko nyumbani, kwa bibi yake.