Jiko Lilitangulia Warsha

Mwaka jana nilipata kibarua cha siku tatu katika hoteli moja Naivasha. Kazi yangu ilikuwa kunakili kila kilichosemwa kwenye warsha ya kupanga mradi wa kitaifa wa kujenga uwezo wa kupunguza hewa ya ukaa. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo iliponishinda, kwa hivyo hilo neno "uwezo" hunigusa kidogo. Siku ya pili mwezeshaji akaniambia, "Kijana, tuandikie aya moja ya historia. Anza na Paris, 2015."

Nikaandika Paris. Kifungu cha 11 cha mkataba ule kinahusu kujenga uwezo, na kinasema kazi hiyo iongozwe na nchi yenyewe. Nikarudi nyuma hadi Marrakesh, 2001, mataifa yalipokubaliana jinsi nchi zinazoendelea zitakavyosaidiwa kujenga uwezo wao. Aya ikatosha. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu nilijua historia nyingine, na hiyo ilianzia Nairobi.

Mjomba wangu aligonga mabati Shauri Moyo tangu miaka ya 1980. Alitengeneza masanduku, karai na majiko. Jiko la zamani lilikuwa bati tupu: moto nusu kwa sufuria, nusu kwa miguu ya mpishi. Makaa yaliisha upesi na misitu ikaisha nayo.

Agosti 1981 Umoja wa Mataifa uliandaa mkutano Nairobi kuhusu kawi mpya na mbadala. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na wakubwa walikuwa wamegundua kwamba watu wengi duniani bado wanapikia kuni na makaa. Hakuna aliyezungumzia soko la kaboni. Miaka hiyohiyo serikali ya Kenya, kwa ufadhili wa Marekani, ilikuwa na mradi wa kawi mbadala, na wataalamu wake wakaleta wazo kutoka Thailand: jiko la ndoo lenye udongo ndani.

Wangeweza kujenga kiwanda kimoja kikubwa. Badala yake waliwaendea mafundi wa jua kali na wafinyanzi. Fundi akafunzwa kukata bati kwa kipimo, mfinyanzi akafunzwa kutengeneza kombe la udongo na kulichoma. Mafundi nao wakawafunza wataalamu. Jiko la Thailand lilikuwa zito, na lilihitaji kusimama imara mtu akisonga ugali. Ndipo likapata umbo tunalolijua, kiuno chembamba katikati, pana juu na chini, udongo ukikaa nusu ya juu pekee.

Haikuwa rahisi. Makombe ya kwanza yalipasuka. Mengine yalichomoka kwenye bati. Mjomba husema wateja walirudi na vipande wakitaka pesa zao. "Hapo ndipo tulisoma," huniambia. "Mteja akikukasirikia, hiyo ni shule." Kwa kuwa hakuna aliyelimiliki jiko lile, kila fundi aliliiga. Wengine waliliharibu, ni kweli, lakini ushindani ulishusha bei mpaka mama wa mtaani akalimudu. Vipimo vilionyesha kwamba jiko zuri la aina hiyo laweza kupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50. Baadaye wazo likavuka mipaka hadi Uganda, Rwanda na Ethiopia.

Kwa hivyo usiku ule niliongeza aya ya pili. Nilisema tulishawahi kujenga uwezo nchi hii, na ulidumu kwa sababu tatu: mafunzo yalienda pale kazi ilipokuwa ikifanywa, fundi aliruhusiwa kubadilisha mchoro, na mradi ulipoisha alibaki na kitu cha kuuza Jumatatu asubuhi. Mwezeshaji akaisoma. Akasema inapendeza. Kisha akaikata, ati haina kiungo na soko la kaboni.

Kumbe kiungo kipo, na ndicho kinachoniuma. Leo jiko linalookoa makaa linaweza kuzaa hati za kaboni zinazouzwa ng'ambo. Sheria yetu ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilirekebishwa 2023 kwa ajili ya biashara hiyo. Inataka miradi ya ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato kwa jamii, na isiyo ya ardhi asilimia 25, gharama zikishatolewa. Msitu una wenyewe, unaweza kuwaita barazani. Je, jiko?

Nilirudi Nairobi nikampitia mjomba. Hasikii vizuri sasa, masikio yaliharibiwa na nyundo. Nilimsomea aya zote mbili kwa sauti ya juu, kisha nikamweleza hiyo asilimia 25.

"Hiyo jamii ni gani, mpwa wangu?" akauliza. "Mwenye kununua jiko, au mwenye kuligonga?"

Nilikuwa nimenakili kurasa 41 Naivasha. Nilizipekua tena usiku huo nikitafuta jibu lake. Neno "mafundi" lilitokea mara moja tu, kwenye orodha ya watakaofunzwa.

Hii hapa basi ni aya waliyoikata, ikiwa ndefu kidogo.