Bibi Moza na Risasi za Fedha

Novemba 1804 Sayyid Sultan bin Ahmad, mtawala wa Maskati, aliuawa baharini katika Ghuba ya Uajemi. Aliacha wana wawili vijana, Salim na Said, na bandari tajiri ambayo jamaa wengi waliitolea macho. Ndugu wa marehemu, Qais bin Ahmad wa Sohar, aliinuka na jeshi lake kuitaka.

Mlinzi wa vijana hao na mji wao akawa shangazi yao, Bibi Moza, binti wa Imamu Ahmad bin Said aliyeasisi dola ya Mabusaidi. Aliyemfungia Qais lango, basi, ni dada yake.

Habari za Qais kuuzingira mji alizisimulia Salme binti Said, mjukuu wa marehemu aliyezaliwa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Bibi, asema, hakujificha nyuma ya pazia. Aliwaita mawaziri na kuwapa amri yeye mwenyewe. Usiku alivaa mavazi ya kiume akazungukia walinzi. Safari moja alijifanya mtu wa adui na kumhonga askari. Askari yule alighadhibika nusura amuue, na Bibi akarudi moyo umetulia. Risasi zilipokwisha, walitumia misumari na kokoto, hata reale za fedha zikayeyushwa zipigwe kwa mizinga.

Kwangu mimi, lile jaribio la hongo linazidi hata fedha iliyoyeyushwa. Ngome huanza kuanguka kutoka ndani. Watu wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, wanalijua hilo kwa uchungu: usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 mapigano yalianza miongoni mwa walinzi wa rais wenyewe, na muda mfupi baadaye jeshi likaivamia nyumba ya Riek Machar, aliyekuwa makamu wa rais. Raia wengi wasiohusika walilipa kwa roho zao.

Ushindi wa Moza nao ulikuwa na gharama. Ili kumzuia Qais, alimwita mpwa wake mwingine, Badr bin Saif, aliyekuja akitegemea Mawahabi wa bara Arabu, kisha akang'ang'ania madaraka. Mwaka 1806 Said alimuua Badr karibu na Barka, na wanahistoria wanautaja mkono wa shangazi katika shauri hilo.

Said alitawala hadi 1856, akahamishia makao yake Unguja na kueneza karafuu. Vitabu vya shule vinamtaja kwa mikarafuu hiyo. Vimtaje pia Bibi Moza, maana bila yeye kijana yule asingebaki na mji wa kutawala.